Nyumba ya mbao Tabora: kivuli kwanza, unene baadaye

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Tabora, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: je, familia inaweza kukaa kwenye nyumba ya mbao bila kuungua Oktoba na bila kulisha mchwa? Inaweza, ikiwa fedha zitatangulia kwenye paa na kwenye msingi kabla ya kwenda kwenye urembo wa kuta. Tumechagua barua saba. Ili hesabu zifuatike, mifano yetu yote ni ya nyumba moja: mita 12 kwa mita 7.2, vyumba vitatu vya kulala, ukuta wa mita 2.7.

Habari za kazi wahariri. Nina kiwanja Ipuli, mita 20 kwa 30, barabara iko magharibi. Ramani niliyochorewa inaangalia barabara. Nataka kujenga ya mbao ila shemeji ananiambia mchana itakuwa tanuri. Nibadilishe nini? – Msomaji wa Ipuli

Salama, ndugu. Shemeji yako anasema alichokiona. Nyumba nyingi za mbao zinachemka kweli, lakini kosa huwa kwenye paa na kwenye uelekeo, na yote mawili unayaamua kabla hujanunua msumari.

Geuza ramani. Urefu wa nyumba ulale mashariki–magharibi, kuta ndefu ziangalie kaskazini na kusini. Tabora iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni jua la mchana linapita upande wa kaskazini likiwa juu nyuzi 62 hivi, Desemba linapita kusini likiwa nyuzi 72. Katikati ya hapo, karibu na tarehe 7 Machi na tarehe 6 Oktoba, linapita utosini kabisa. Kwa hiyo ukuta wa kaskazini na wa kusini unakingwa kirahisi. Upenu wa sentimita 90, ukingo wake ukiwa mita 2.4 kutoka sakafuni, unatupa kivuli cha mita 1.66 ukutani saa ya jua kali la Juni. Kivuli hicho kinashuka hadi sentimita 74 juu ya sakafu, yaani dirisha lenye kizingiti cha sentimita 90 lote liko ndani. Upande wa kusini, Desemba, upenu huohuo unafunika ukuta mzima.

Magharibi ni habari nyingine. Saa kumi na nusu jioni mwanzoni mwa Oktoba jua limeshuka hadi nyuzi 32 hivi. Hata baraza la mita 2 litatupa kivuli cha mita 1 na robo tu, na sehemu ya chini ya ukuta itapigwa jua hadi linazama. Na jioni ya Tabora ni ndefu kuliko saa inavyoonyesha: saa zetu zimepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, mji uko karibu nyuzi 33, hivyo kilele cha jua hufika saa saba kasoro dakika kumi hivi. Kwa sababu hiyo upande wa magharibi usiweke chumba cha kulala. Weka stoo, bafu na choo, madirisha yake yawe madogo na ya juu. Mlango mkubwa unaweza kubaki upande huo chini ya baraza, ukaiangalia barabara yako kama ulivyotaka. Zaidi ya hapo, panda mwembe mita 8 hadi 10 kutoka ukutani. Hauachi majani yake yote kwa wakati mmoja, na kivuli chake kinaufikia ukuta saa ambayo upenu umeshindwa.

Sasa paa, maana hapo ndipo nyumba ya mbao inaposhinda au kushindwa. Bati likipigwa jua la mchana linapita nyuzi 60 za Selsiasi. Sehemu kubwa ya joto hilo haishuki kwa hewa, inashuka kama mnururisho, vilevile jiko la mkaa linavyokuchoma uso ingawa hujaligusa. Dawa yake ni karatasi ya alumini. Ilaze juu ya kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) kabla ya kupiga papi (fito za mbao zinazoshika bati) na iache ilegee sentimita 3 kati ya kenchi na kenchi. Papi la 2x2 (inchi 2 kwa 2) likishapigwa, kati ya karatasi na bati kutakuwa na nafasi ya sentimita 5 na zaidi. Upande unaong'aa uangalie chini. Mafundi wengi wanaupindua juu, na kwa miaka ya kwanza tofauti haionekani. Vumbi la kiangazi likishatanda juu yake mng'ao umekwisha na kazi yake imekwisha. Karatasi ikigusa bati, nayo ni hasara, kwa kuwa alumini inapitisha joto haraka sana pale inapogusana na kitu cha moto. Anza kulaza kutoka kwenye upenu kwenda juu, kila pande la juu lilalie la chini kwa sentimita 15, ili tone likivuja litiririke hadi nje. Kwa nyumba yetu ya mfano, paa lenye mwinamo wa nyuzi 22 na upenu wa sentimita 90 pande zote lina mita za mraba 134. Nunua karatasi ya mita za mraba 150.

Juu ya dari hewa ipite. Kipimo kinachotumika ni matundu yenye eneo la sehemu moja kwa 150 ya eneo la dari, nusu chini na nusu juu. Dari ya mita za mraba 86 inataka karibu mita za mraba 0.6. Acha ufa wa sentimita 2.5 chini ya upenu kwenye pande zote mbili ndefu, kisha weka matundu mawili ya sentimita 60 kwa 50 juu kabisa, karibu na mgongo wa paa. Hesabu hiyo tayari imefidia wavu, unaokula karibu nusu ya nafasi. Wavu uwe wa chuma, matundu ya milimita 3. Ukizidi hapo, nyuki wa Tabora watahamia darini, na popo watafuata.

Rangi ya bati: nyeupe, krimu au fedha. Bati jekundu au la kijani kibichi linapendeza barabarani lakini linameza jua.

Seremala wa hapa Urambo amenipigia hesabu ya ukuta wa ubao mmoja wa inchi moja juu ya fremu ya 2x4. Ndugu yangu wa Igunga anasema mashineni wanatupa pumba za mpunga. Naweza kujaza ukutani? Na panya je?

Ubao mmoja wa inchi moja usiukubali. Watu wanaamini mbao ni baridi kwa asili yake, na ni kweli ubao unapitisha joto polepole kuliko tofali, lakini unene nao una neno. Ukinzani wa joto (uwezo wa kulizuia lisipite, namba kubwa ndiyo bora) wa ubao wa paina wa sentimita 2.5 ni kama 0.19, wa tofali ya kuchoma ya sentimita 23 ni kama 0.33. Yaani ukuta huo wa seremala wako ni dhaifu kuliko wa tofali wa jirani. Ukipiga ubao nje na ndani, ukaacha uwazi mtupu wa 2x4 katikati, unafika 0.55 hivi. Ukiujaza uwazi huo pumba, sentimita 10, unapata karibu 1.8 kwa pumba peke yake. Hapo ndipo mbao inamzidi tofali, mara tano.

Lakini si lazima ujaze kuta zote. Ukuta wa kaskazini na wa kusini, ukiwa kivulini mchana kutwa, haupati mzigo mkubwa. Anza na dari, fuata magharibi, kisha mashariki. Dari ya mfano wetu kwa unene wa sentimita 10 inameza magunia kama 60 yenye ujazo wa gunia la mahindi la kilo 100. Kuta mbili fupi zinataka 30. Pumba ni nyepesi, kama kilo 10 au 11 kwa mita ya mraba ya dari, na mbao za 2x2 zilizopangwa kila sentimita 40 zinabeba bila kulegea. Mvua ikipiga bati usiku utasikia tofauti pia.

Chagua pumba sahihi. Mashine inatoa aina mbili. Zile ngumu, maganda matupu, ukizifumbata kiganjani na kufungua zinafumuka zenyewe na mkono unabaki mkavu. Zile laini zinaacha unga kiganjani na zina harufu ya chakula. Hizo ni za kuku, ukutani zitaoza na kuita wadudu. Hata zile ngumu zipete kwanza. Panya hali ganda, anafuata chenga zilizosalia ndani yake. Anika siku mbili juani kwenye turubai ndipo ujaze. Chini na juu ya kila uwazi piga wavu wa chuma wa matundu ya milimita 6, maana panya mchanga anapita kwenye tundu lenye upana wa kidole.

Jaza kwa tabaka la sentimita 40, shindilia kidogo kwa mti, endelea. Pumba hutitia. Ukijaza siku moja hadi juu na kupigilia moja kwa moja, baada ya kiangazi kimoja utakuwa na pengo chini ya mbao ya kichwa (ile inayolala juu ya ukuta), na joto litapita hapohapo. Ubao wa juu kabisa wa ndani ufunge kwa skrubu ili uweze kuufungua na kuongeza. Darini, karibu na ule ufa wa upenu, simamisha ubao wa kuzuia upepo usipeperushe pumba.

Nailoni usiiweke ukutani. Unyevu utakaoingia msimu wa mvua unataka njia ya kutoka, na nailoni inaufungia ndani pamoja na mbao.

Moto: maganda ya mpunga yana silika nyingi na hayashiki moto kwa wepesi, ila yakishika yanafuka chinichini kwa muda mrefu. Kwa hiyo kila waya wa umeme upite ndani ya bomba, viungio viwe ndani ya boksi linalofikika, na jiko la mkaa likae jiko la nje. Hili halina mjadala kwa nyumba wanamolala watoto.

Kuhusu mbao za fremu: ukisimamisha kila sentimita 60, kuta za nje zinataka vipande kama 140 vya 2x4 vya futi 12, pamoja na pembe na madirisha. Kila mbao ukiikata mita 2.7 inabaki sentimita 95 hivi. Mafundi wanaichoma jikoni. Ikate sentimita 55, iweke kati ya mbao mbili za kusimama katikati ya ukuta. Inazuia fremu kujipinda, nawe hununui mbao nyingine ya kazi hiyo.

Mafundi wawili wamenichanganya. Mmoja anataka nyumba inyanyuliwe juu ya nguzo, mwingine anataka jamvi la zege. Huku kwetu Isevya mchwa ni wengi mno. Nani yuko sahihi?

Kila mmoja ana haki yake, dada. Nyumba iliyonyanyuliwa unaingia chini yake na tochi, unamwona mchwa anapopandia. Jamvi linakupa ubaridi.

Sisi, kwa Tabora, tunachagua jamvi, na tunaeleza kwa nini. Mbao ni nyepesi. Inapata joto haraka na kulipoteza haraka. Usiku hiyo ni faida, vyumba vinapoa mapema. Mchana ni tatizo, kwa sababu ndani hamna kitu kizito cha kunyonya joto la watu, jiko na hewa inayoingia. Udongo wa chini ya jamvi hauyumbi sana kati ya mchana na usiku. Unabaki karibu na wastani wa mwaka, nyuzi 23 hivi. Sakafu ya zege iliyolala juu yake ndiyo kifaa chako cha kupoza, na hakina bili. Ongeza ukuta mmoja wa tofali za kuchoma katikati ya nyumba, kati ya sebule na vyumba, usioguswa na jua kabisa. Wazee waliojenga tembe walijua nguvu ya udongo mzito. Ile ya Kwihara, nje ya mji wa Tabora, walikokaa wasafiri Livingstone na Stanley mwaka 1872, ina kuta nene za udongo kwa sababu hiyohiyo. Wewe unachukua uzito huo na kuuweka ndani, kivulini, huku mbao ikikukinga nje.

Ili mashine hiyo ifanye kazi, fungua madirisha kuanzia saa mbili usiku hadi alfajiri, na ifikapo saa tatu asubuhi funga upande wa jua. Kila chumba cha kulala kiwe na matundu kwenye kuta mbili, au dirisha moja na luva juu ya mlango. Nyavu za mbu zinapunguza upepo sana, kwa hiyo panua madirisha kufidia.

Sasa mchwa. Nyanyua uso wa jamvi sentimita 45 juu ya ardhi. Shindilia kifusi tabaka kwa tabaka, si zaidi ya sentimita 15 kila mara, maana kifusi kikititia jamvi linapasuka, na ufa wa milimita 2 unamtosha mchwa. Juu ya kifusi tandaza nailoni nzito, kisha zege la sentimita 10 kwa uwiano wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Kwa nyumba ya mfano ni mita za ujazo 8.6, mifuko kama 55 ya saruji. Mwagilia siku 7. Mabomba ya maji na ya choo yanapopenya jamvi ndiko mchwa wengi wanakoingilia: zungushia kila bomba zege lisilo na mapovu na ziba kwa lami.

Kabla ya mbao ya chini kulala, weka ulimi wa bati tambarare kuzunguka msingi wote, utokeze sentimita 5 nje na uinamishwe nyuzi 45. Viungo vyake vipishane na vizibwe kwa lami. Ulimi huo haumuui mchwa, ila unamlazimisha kutoka gizani na kujenga njia yake pale unapoiona. Njia hiyo ina upana wa penseli na rangi ya udongo wa kichuguu. Ivunje kwa kucha, rudi kesho. Ukikuta imezibwa kwa udongo mbichi, wapo kazini. Kwa hiyo sentimita 45 za msingi zibaki wazi macho: usipande maua yakaegemea, usipange kuni, usipandishe plasta hadi ikagusa mbao. Zunguka nyumba mara moja kwa mwezi, na mvua za kwanza zikinyesha zunguka kila wiki.

Dawa ya udongo, kama fipronili au imidaklopridi, imwagwe kabla ya nailoni: lita 5 za mchanganyiko kwa mita ya mraba, yaani lita 430 hivi kwa nyumba yetu, na baadaye lita 5 kwa kila mita ya mtaro wa sentimita 30 kuzunguka msingi, lita 190 nyingine. Uwiano wa kuchanganya fuata kibandiko cha chupa. Funika siku ileile, mvua isije ikaisomba. Tafadhali tusikilizane hapa: dawa zote mbili zinaua nyuki, na Tabora ni nchi ya asali. Usimwage kukiwa na maua karibu, usioshee vyombo mtoni, mizinga iwe imehamishwa kabla hujaanza. Kama kisima kiko ndani ya mita 30, achana na dawa, tegemea ulimi wa bati, mbao za dawa na macho yako.

Shikamooni. Baba anapaka oili chafu kwenye nguzo zote. Inafaa kwa nyumba ya kulala?

Marahaba. Kwa nguzo za uzio, mzee ana sababu, ingawa hata huko haidumu. Kwa nyumba, hapana. Oili chafu inabaki juujuu, haizami kwenye mbao. Mvua mbili tatu zinaipunguza na mchwa anaingia kwenye nyufa ambazo haikufika. Ina metali nzito na masizi ya injini, inanuka miezi, inashika moto, na watoto wanaigusa. Baada yake hakuna rangi itakayoshika.

Mbao za fremu nunua zilizotiwa dawa kiwandani kwa shinikizo, zile zenye rangi ya kijani. Usiamini rangi ya juu: kata kipande katikati ya urefu uone kijani kimeingia kiasi gani. Kikiishia kama rangi ya kupaka, kimechovywa tu. Kila unapokata mbao, ncha mpya ipake dawa, maana umefungua mlango. Mabaki yake usipikie wala usichome: dawa hiyo ina arseniki, na majivu yake ni sumu. Kwa mbao za ndani zisizonyeshewa, kuna njia nafuu: boraksi sehemu 3 na asidi ya boriki sehemu 2, kilo moja ya mchanganyiko kwenye lita 9 za maji ya moto. Chovya mbao zingali mbichi, zifunike nailoni wiki 3, kisha anika. Mvua inaiosha, kwa hiyo nje haina maana.

Nimepata mninga kwa mtu Sikonge, bei nzuri, umepasuliwa wiki iliyopita. Nijenge nyumba nzima kwa mninga?

Ulizia karatasi kwanza. Mbao zinaposafirishwa zinatakiwa ziwe na alama ya nyundo na hati ya kusafirishia kutoka Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. "Bei nzuri" bila hati inaweza kuishia kizuizini pamoja na gari.

Hata ukiwa na hati zote, mninga usiufiche ndani ya fremu. Ni mti wa polepole na misitu yetu ya miombo imebeba mengi tayari, mkaa na kukausha tumbaku vikiwemo. Fremu ya paina yenye dawa inafanya kazi ileile. Mninga uweke panapoonekana na panapofunguliwa kila siku: milango, madirisha, vizingiti. Hapo hauna mpinzani, kwa sababu ukishakauka hautanuki wala kusinyaa sana, na mlango wake haukwami masika.

Angalia kila ubao ukingoni. Kiini chake cha kahawia mchwa anakiacha. Ile sehemu nyeupe ya pembeni inayofuata gamba inaliwa kama mti mwingine wowote. Utaona vitundu vidogo kama vya sindano na unga laini ukidondoka. Sehemu hiyo ikatwe yote. Muuzaji anayepima ubao pamoja na weupe wake anakuuzia inchi usizotumia. Na atakayepiga randa azibe pua, vumbi la mninga linabana kifua.

Wiki moja ni mbichi. Panga juu ya matofali, sentimita 45 kutoka chini, chini ya kivuli lakini pande ziwe wazi. Kati ya tabaka na tabaka weka vijiti vya inchi moja kila futi mbili, na vijiti vya tabaka zote visimame kwenye mstari mmoja wa wima. Visipokaa sawa ubao unapinda pale visipolingana, na kupinda huko randa haitakuondolea. Paka ncha rangi ya mafuta, maana ubao hukauka haraka zaidi kupitia ncha, ndiyo nyufa za mwishoni mnazoziona. Weka mawe juu ya rundo.

Kujua imekauka, acha kubahatisha kwa kugonga. Kata kipande kutoka katikati ya ubao, pima kwenye mizani ya jikoni, tuseme gramu 240. Kiweke kwenye oveni, nyuzi 103 hivi, pima kila baada ya saa chache hadi uzito usishuke tena, tuseme gramu 200. Tofauti ni 40. Gawa kwa 200: unyevu ni asilimia 20. Bado. Kwa milango na madirisha subiri hadi chini ya 15.

Mbao za kufunika ukuta kwa nje nazo zinacheza. Ubao wa 1x8 unasinyaa kama milimita 3 kati ya masika na kiangazi. Zipishane sentimita 3, na kila ubao upigiliwe mstari mmoja tu wa misumari, juu kidogo ya mpishano. Ukipigilia ukingo wa juu na wa chini, ubao hauna pa kwenda. Agosti utausikia ukipasuka usiku. Nyuma yake acha uwazi wa sentimita 2 kwa vipande vya mbao vya wima.

Upenu wa sentimita 90 hautaezuliwa na pepo za Novemba?

Utaezuliwa ukifungwa kwa misumari peke yake. Upepo unapoingia chini ya upenu unasukuma juu, na msumari uliopigwa wima unang'oka kama ulivyoingia. Mnyororo uanzie kwenye msingi: boliti za milimita 12 zilizozama kwenye zege, moja kila mita 1.2 na moja sentimita 30 kutoka kila pembe, zinashika mbao ya chini. Kwa nyumba ya mfano ni boliti 36 hivi. Utepe wa bati wa sentimita 3 unafunga mbao ya chini na ya kusimama, ya kusimama na ya kichwa, ya kichwa na kenchi. Kila kenchi, si moja baada ya nyingine. Pembe za fremu zipate mhimili wa mshazari wa 1x4 pande zote mbili.

Bati lipigwe kwenye kila wimbi la pili kandokando ya upenu na mgongo, kwingine wimbi la tatu linatosha. Chini ya upenu funga kwa mbao, ukiacha ule ufa wa hewa. Paa la migongo minne (linaloteremka pande zote nne) linavumilia upepo kuliko la migongo miwili, nalo linakupa upenu pande zote nne.

Tukishafanya yote hayo, bado tutahitaji kiyoyozi?

Feni ya dari inatosha. Inakula wati 60 hadi 70. Kiyoyozi kidogo cha chumba kinakula wati 900 hadi 1,000 kinapofanya kazi. Feni ya usiku mzima, saa 8, ni karibu nusu yuniti ya umeme, na inaendeshwa hata na sola ndogo yenye betri. Ining'inie mapanga yakiwa mita 2.3 juu ya sakafu, na usisahau kuweka mbao ya 2x6 ya kuibebea kati ya kenchi kabla dari haijafungwa. Izime chumba kikiwa kitupu, kwa kuwa inapoza ngozi ya mtu, haipozi hewa.

Friji usiliweke kwenye ukuta wa magharibi, na nyuma yake acha sentimita 10.